Mkwezi wa Ukuta wa Posta

Siku ya tatu ya aza, matanga ya Rayya, binti yake Intisar alinivuta jikoni, huku ukumbini wanawake wanasoma Yasini na vikombe vya kahawa vinazungushwa. Nyumba yao iko Amerat, nje kidogo ya Maskati, pana kila pembe, jiko lake peke yake linapita chumba nilichoanzia maisha nilipoolewa. Akanishika mikono yote miwili, macho yamemvimba, akanambia, "Khala Zuwena, mama kaniusia. Kasema akifa nikutafute wewe kabla ya mtu mwengine yeyote, nikuombe radhi. Umsamehe." Nikamuuliza, "Kakwambia nimsamehe kwa lipi?" Akatikisa kichwa. "Kasema wewe unajua." Lo! Rayya yule yule! Hata anakufa, neno lenyewe kaniachia mie nilitamke. Tumefundishwa kwamba maiti akiombewa radhi hanyimwi, na mie ni mtu nnayesali, nnayaogopa ya kesho akhera. Lakini ulimi ulikataa katakata. Nikamwambia mtoto wa watu, "Nipe siku mbili tatu, mwanangu," kana kwamba nimeombwa niazime gari, nikatia viatu vyangu nikatoka. Tangu siku hiyo usingizi hauji. Na kinachoniweka macho ni mwaka mmoja tu, katika miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na nikiamini kwamba nnaye dada.

Mwaka huo serikali ilitoa fedha ili kuta za posta za miji midogo zichorwe maisha ya mashamba: mitende, mifereji ya falaji, ng'ombe anayevuta maji kisimani, wanawake wanaosuka majamvi, wazee barazani. Maskati kila ukiamka barabara mpya, kila ukiamka jengo jipya, na wakubwa waliona watoto watakuja kusahau babu zao waliishi vipi. Posta ndipo kila mtu alipokuwa akifika, maana wakati huo simu za mkononi hatuzijui, barua ukitaka uzifuate mwenyewe kwenye sanduku. Wakatuchukua wasichana wawili tuliokuwa tumemaliza masomo ya uchoraji, mie na Rayya, kwa mkataba wa mwaka mmoja na kuta tatu. Mudir wetu, yaani mkuu wa kazi, mtu mrefu mwenye sauti ndogo ambaye ilikulazimu usogee ndio umsikie, alituweka chini siku ya mwanzo akatwambia kwa Kiarabu, "Hizi kuta tatu hazitiwi jina la mtu. Ukuta wa nne ndio mkubwa. Huo nitampa mmoja wenu, atatia jina lake chini, na huyo ndiye tutakayemuajiri." Tukatazamana mie na Rayya tukacheka kwa haya. Hatukuwa tumejuana hata saa moja, tungegombania nini?

Chumba walichotupa cha kuchorea kilikuwa Wadi Kabir, ghorofani juu ya gereji ya magari. Ukifungua dirisha unaingia moshi na makelele ya nyundo, ukilifunga unabaki na harufu ya tina ya kuchanganyia rangi na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye kopo la samli tulilolitega chini. Chini pale mafundi wa Kihindi na wa Kipakistani walikuwa wakiimba mchana kutwa, na muuza chai wao alikuwa akitupandishia vikombe viwili vya chai ya maziwa bila ya kuombwa. Siku ya pili nilimwaga rangi ya kijani kibichi chekwa, gudulia zima, nikapiga ukelele, "Mama wee!" Rayya, ambaye mpaka hapo tulikuwa tukisemezana Kiarabu kama wageni, akageuka akanambia, "Pole, jamani! Kumbe wewe wetu?" Basi tena. Watu wake walikuwa wa Tabora, wangu wa Unguja, na tangu dakika hiyo hatukunyamaza. Mudir alikuwa hapendi Kiswahili kazini, alisema kikisemwa mbele yake anahisi anasengenywa, kwa hiyo chumba kile juu ya gereji kikawa ndio kwetu. Nikimtania, "Nyinyi watu wa bara, chai mnainywa na muhogo." Yeye ananijibu, "Na nyinyi Wazanzibari mkikosa cha kujisifia mnajisifia upepo." Tukicheka mpaka brashi zinaanguka.

Kazi tuliigawa hivi. Kwanza tunachora kwenye karatasi, tunaipiga mistari ya miraba, halafu kila mraba tunaukuza kwa chaki juu ya ukuta. Rayya alikuwa fundi wa ardhi: milima, maji, miti, wanyama. Mie mkono wangu ulikuwa wa watu. Mtu akikaa, akiinama, akibeba mzigo, nilikuwa nikimpata mara moja. Na tulipeana ahadi, sikumbuki nani aliitoa mwanzo, kwamba yeyote atakayetuuliza nani kachora kitu gani, jibu ni moja: sisi. Ukuta wa kwanza Mudir alimsifu mama niliyemchora anapepeta nafaka, akauliza ni wa nani. Rayya akajibu, "Wetu." Ukuta wa pili wakamsifu ng'ombe wake kisimani, nami nikajibu vile vile. Nilijiona tajiri siku hizo. Nyumbani Wattaya, kwenye madirisha yanayotazama maduka ya magari, nilikuwa nikimhadithia kila mtu khabari za Rayya mpaka shangazi yangu akanambia, "Huyo Rayya, mbona hata chumvi ukitia unamtaja?"

Ijumaa nilikuwa nikipelekwa Amerat kula kwao. Wakati huo nyumba yao ilikuwa ndogo, vyumba vitatu na ua wa changarawe, na kufika kwake ni safari ya kuzunguka milima. Mama yake, Bi Moza, alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono laini, akipika boko boko la ngano na nyama linavutika, na pembeni maharage ya nazi, maana alisema Ijumaa bila ya maharage kwake si Ijumaa. Sinia moja, sote chini, na yeye ananisukumia minofu kwa vidole vyake. "Kula, mwanangu, kula, umekonda utafikiri unafunga Sita ya Shawali." Hebu fikiri, mkono huo huo ndio uliokuja kunifungia mlango. Ijumaa moja nilikwenda kunawa, na bomba lilikuwa nyuma ya jiko. Nikamsikia Bi Moza ndani anasema kwa sauti ya chini, "Ukuta huo wa nne ukiukosa, Rayya, utakaa hapa unikoshee masufuria. Yule atakupita. Mikono ile si ya kawaida." Rayya akamjibu, "Mama, Zuwena ni dada yangu." Na mama yake: "Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Wewe huna dada Wattaya." Nilisimama pale na maji yananitiririka mpaka kwenye viwiko. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Wallahi nilifurahi, kwa sababu nilisikia "Zuwena ni dada yangu" na sikutaka kusikia jengine. Nikarudi kwenye sinia nikala kwa utamu.

Ukuta wa tatu ulikuwa katika mji mdogo wa Dakhiliya, mkoa wa ndani, ukuta mrefu ndani ya posta, mkabala na dirisha la stempu. Mada yake ilikuwa kuvuna tende. Na katikati, juu kabisa, mtu anapanda mtende, na huyo alikuwa wangu. Mtu ataniuliza: umekaa Maskati miaka kumi, hujapata kumuona mtu akipanda mtende? Sijapata. Nilikuja na miaka kumi na mbili, nikakulia Wattaya, na Wattaya nilikuwa nikiona Toyota mpya zikishushwa kwenye magari makubwa. Mitende ya barabarani ilikuwa ikikatwa makuti na wafanyakazi wa baladia, yaani manispaa, juu ya ngazi. Picha za vitabuni nilizitazama, lakini nilitazama uso wa mtu na bega lake, sikutazama kamba. Mkono wangu ulikwenda kwa yule niliyemjua tangu utotoni, mkwezi wa minazi wa Unguja, anayejifunga kamba kwenye vifundo vya miguu miwili kisha anajirusha juu kwa mapaja. Nilimchora kwa raha, misuli, visigino, kidole gumba kimekaza. Sikujua kwamba mtende una magutu ya makuti yaliyokatwa, na mpandaji huyakanyaga kama vidato vya ngazi, miguu yake iko huru, na kinachomzuia ni habuli, ule mkanda mpana wa kamba unaomzunguka mgongoni na kulizunguka gogo. Mtu akipanda mtende na miguu iliyofungwa atafika wapi?

Nilikuwa na wasiwasi lakini. Kitu kilikuwa kinanambia. Alasiri moja pale Wadi Kabir, karatasi iko ukutani, nikamwambia Rayya, "Hebu mtazame huyu. Wewe umepata kuwaona wakipanda?" Akaja akasimama mbele yake, brashi kaibana kwenye meno. Akamtazama muda mrefu. Nilimuona macho yake yanashuka, kutoka kichwani, begani, kiunoni, mpaka miguuni, yakakaa miguuni. "Nimewaona, sana," akasema. Nikamuuliza, "Sawa?" "Sawa kabisa, shoga yangu. Usimguse huyo, utamharibu." Nikamkumbatia. Nikashuka mbio nikatununulia sambusa za dengu, tukazila na chai, mafuta mpaka kwenye karatasi zetu za kazi.

Tulichora mwezi mzima na zaidi, tukilala kwa mama yake karani wa posta, tukirudi Maskati Alkhamisi. Ukuta ulikuwa umefunikwa mashuka tangu juu mpaka chini ili watu wasiuone kabla ya siku yake, na karani peke yake, kijana mpole jina lake Said, ndiye aliyekuwa na ufunguo wa posta na ruhusa ya kuutazama. Siku ya kufunuliwa walikuja wakubwa kutoka Maskati, Mudir wetu na kanzu yake iliyopigwa pasi ikasimama, na wazee wa mji na fimbo zao. Halwa imeshapakuliwa, kahawa iko tayari. Mashuka yakashushwa. Watu wakasema mashallah, na kwa dakika nzima mie nilikuwa ndiye mtu mwenye furaha kuliko wote Oman. Kisha mzee mmoja akasogea, akainua fimbo yake akamgusa mkwezi wangu miguuni, akauliza kwa Kiarabu chao cha ndani, taratibu, kama anayetaka kujua kweli, "Huyu kaiba nini hata mkamfunga pingu?" Kicheko kilichotoka hapo! Mwengine akasema, "Mpelekeeni askari, kabla hajaanguka." Mwengine tena, "Na habuli yake iko wapi? Kaiuza?" Wakamzunguka, na kila anayekuja anaitiwa aje atazame miguu. Hapana aliyemtazama tena mama anayechambua tende wala watoto kwenye falaji.

Mudir hakucheka. Akatugeukia sote wawili, na kwa ile sauti yake ndogo akauliza, "Nani kamchora huyu?" Mie nilifungua mdomo niseme "sisi". Nakwambia neno lilikuwa kwenye meno. Rayya akanitangulia. Akasema kwa Kiarabu, kilichonyooka, kwa sauti ya watu wote kusikia, "Huyo ni wa Zuwena. Kwao Zanzibar wanapanda minazi hivyo. Nilimwambia, hakunisikiliza." Nilimgeukia nikamwambia kwa Kiswahili, "Rayya, unasema nini?" Hakunitazama. Akanijibu kwa Kiarabu, kama mtu anayemkanya mtoto mbele za wageni, "Sema lugha wanayoifahamu watu, Zuwena." Mudir alikunja uso, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Mzee mwenye fimbo aliona haya kwa ajili yangu, akaniletea kipande cha halwa mwenyewe, maskini, akasema, "Si kitu, binti yangu, wewe mgeni." Neno hilo la huruma ndilo lililonimaliza. Miaka kumi, pasipoti ya nchi mkononi, na mbele ya ukuta wangu mwenyewe nikaitwa mgeni. Mudir akamuamuru Rayya abaki kumtengeneza yule mtu kabla ya Jumamosi, na mie nikarudishwa Maskati kwenye gari la dereva, kiti cha nyuma, na masanduku matupu ya kahawa.

Bado nilimtetea, unaniamini? Siku nne nzima nilikuwa nikijiambia: kaogopa. Katahayari, kapayuka, atakuja. Hakuja. Siku ya sita nikamuomba binamu yangu anipeleke kule posta, kisingizio changu brashi nilizoziacha. Nikaingia, nikainua macho. Alikuwa kamfuta mkwezi wangu kuanzia kiunoni kushuka chini na kumuweka mwengine, miguu imeachana, unyayo umekanyaga gutu, na habuli mgongoni mwake imesukwa uzi kwa uzi, na fundo lake ubavuni. Lilikuwa fundo la kweli. Mtu halibuni fundo namna ile, lazima uwe umelishika. Said karani akaja kusimama nami. "Kamaliza kwa asubuhi moja tu," akasema. "Hakuuliza mtu. Anasema babu yake mzaa mama ana shamba hapa hapa karibu, likizo zote za skuli alikuwa akimkalisha chini ya mtende amshikie habuli anapoifunga." Mwaka mzima tumekula sinia moja, na mie sikupata kusikia khabari ya babu huyo. Tabora, Tabora, Tabora, ndiyo aliyonihadithia. Said akaendelea, hakujua anachonifanya. "Na mie nilimwambia mapema, siku ile wewe ulikwenda kuswali. Nilimuuliza, mbona miguu yake imefungwa? Wazee watacheka. Akanambia, 'Nyamaza, ndivyo anavyotaka mwenzangu. Usimwambie, ana hasira.'" Nikamshukuru. Nikachukua brashi zangu. Nje nilitapika kando ya gari, na binamu yangu akadhani ni joto.

Siku hiyo hiyo nikamwambia anipitishe Amerat. Nikagonga. Bi Moza akafungua mlango nusu, mkono wake ule laini kaushika ubao. "Rayya kalala," akasema. Na nyuma yake namsikia Rayya anakohoa, kikohozi chake nakijua, kikohozi cha tina cha chumba kile. Nikasema kwa nguvu, ili sauti imfikie huko ndani, "Rayya! Uniambie kwa nini tu, nami nitakwenda zangu." Bi Moza akanambia, "Nenda, mwanangu. Wewe Mwenyezi Mungu kakupa mkono, utapata kwengine. Huyu wangu alikuwa na ukuta mmoja tu." Mlango ukafungwa, si kwa kishindo, taratibu, kwa adabu zote. Mwisho wa mwezi Mudir akanambia mkataba wangu umekwisha. Rayya alichora ukuta wa nne, akatia jina lake, akaajiriwa, akapanda cheo hiki na hiki. Mie nilikwenda kusomesha watoto kuchora, miaka ishirini na mitano, na sikupata tena kuchora mtu mzima mzima kwa raha. Kila nikianza mguu, mkono unasita. Katika miaka ya elfu mbili nilisikia ile posta ya Dakhiliya imetengenezwa upya na ukuta umepigwa rangi nyeupe. Nilifurahi, na nimeshamuomba Mungu maghufira kwa furaha hiyo, lakini siwezi kusema uongo kwamba sikufurahi.

Tulionana harusini, tukaonana mazikoni. Salamu, mkono, hujambo, sijambo, watoto hawajambo. Miaka thelathini, na mara nyengine tulikuwa tumekaa jamvi moja, na kila mara nilikuwa nikingoja. Sikutaka alie. Nilitaka aseme tu: nilijua, nikakwambia sawa. Maneno matatu. Angeyasema kwa Kiswahili, hata kwa kunong'ona, hata kwa kupitia simu, ningemwambia yamekwisha, na nna hakika ningemaanisha. Sasa kanitumia mtoto wake na bahasha tupu.

Jana baada ya alasiri nikampigia Intisar. Nilikuwa nimejitayarisha, nimekwishatawadha. Nikamwambia, "Mwanangu, mie radhi nnayo, na mama yako nataka kumpa. Lakini jambo lisilotajwa silijui kulisamehe. Njoo kwangu, nikupikie chai, nikuhadithie alichonifanyia. Dakika kumi. Ukishajua unaloniombea, hapo hapo nitasema nimemsamehe, na wewe utakuwa shahidi." Nilimsikia anavuta pumzi. Watoto wake walikuwa wakicheza nyuma. "Khala," akasema, "kwani lazima nijue?" Nikamwambia, "Lazima, mwanangu. Mtu mmoja lazima ajue." Nikasikia anafunga mlango, sauti za watoto zikapotea. Kisha akasema, kwa sauti ya heshima, kwa Kiarabu, "Mama yangu nilimkosha kwa mikono yangu. Nnavyomjua ndivyo nnavyotaka kubaki namjua. Kama ni kwa sharti hilo, basi bora usimsamehe." Akakata.

Nilikasirika, nikasema maneno peke yangu humu ndani, nikakipiga teke kiti. Halafu nikakaa, nikaona kosa la mama nnamlipisha mtoto asiyelijua. Leo nimempigia mara tatu, asubuhi, adhuhuri na sasa hivi. Nataka kumwambia kwamba nimemsamehe mama yake, bure, bila ya kuhadithia kitu. Hapokei.